Madai ya bima yamerudi mara tatu, kila mara kwa sababu mpya. Nianzie wapi?

Swali: Baba yangu alilazwa siku tano kwa nimonia. Siku ile kadi yake ya bima haikusoma kwenye mashine ya hospitali, tukaambiwa tulipe wenyewe kisha tudai kurejeshewa. Nimepeleka madai mara tatu. Mara ya kwanza yalirudi kwa kuwa "nyaraka hazijakamilika". Nikakamilisha. Mara ya pili wakaandika kuwa huduma hiyo haimo kwenye mafao. Chini ya barua kuna Z00.0, sijui ndiyo nini. Nikapeleka tena nikilalamika, nikaambiwa kwa simu kwamba ni ugonjwa aliokuwa nao kabla ya kujiunga, maana baba ana presha. Huu ni mwezi wa nne. Nimeomba ruhusa kazini mpaka naona aibu. Baba anasema niache, hela imeshakwenda. Je, wanafanya makusudi ili tuchoke? Na kama si makusudi, nianzie wapi?

Jibu: Dada yangu, usiache. Nalitanguliza hilo kabla ya maelezo yoyote kwa sababu najua barua za namna hiyo zinavyosomwa nyumbani. Zina nembo, zina mhuri, zina neno "yamekataliwa", na familia nzima inaona kesi imekwisha. Haijaisha. Barua ile ni jibu la mtu mmoja aliyekuwa na faili la baba yako mezani kwa dakika chache, ambaye hajamwona mgonjwa wala kuongea na daktari, huku mafaili mengine yakimsubiri. Nimewahi kuwa mtu huyo. Kwa miaka kadhaa nilikaa upande wa pili wa dirisha unalopangia foleni, nikihakiki madai, kabla sijahamia kuwasaidia wagonjwa na ndugu zao kuyafuatilia. Katika maelezo yako mafupi naona makosa mawili yanayorekebishika, na hoja moja inayotaka uangalifu mkubwa.

Tuanze na hiyo Z00.0, maana hapo ndipo madai yako yalipoteleza.

Ugonjwa kwenye fomu ya madai huandikwa mara mbili: kwa maneno ya daktari, na kwa msimbo, yaani herufi na tarakimu zinazosimama badala ya maneno hayo. Misimbo hiyo hutoka kwenye orodha ya kimataifa ya magonjwa inayosimamiwa na Shirika la Afya Duniani. Katika toleo la 10 la orodha hiyo, nimonia ambayo kijidudu chake hakikutajwa ni J18.9. Presha ya kupanda ni I10. Z00.0 si ugonjwa kabisa. Ni uchunguzi wa jumla wa afya, ule anaofanyiwa mtu asiye na malalamiko yoyote ili ajue hali yake.

Sasa vaa miwani ya yule aliyepokea madai yako. Hakumwona mzee aliyelazwa siku tano akihema kwa shida. Aliona mtu mzima wa afya aliyekwenda kupimwa, halafu anaomba arejeshewe fedha za kitanda, oksijeni na dawa za kuchoma. Mikataba mingi ya bima haigharamii uchunguzi wa jumla, au huugharamia kwa masharti ya pekee na kwa kiwango kidogo. Akaandika "haimo kwenye mafao". Kwa alichokiona mbele yake, alijibu sawasawa. Kosa lilifanyika hospitali, pengine mapokezi, baba alipokuwa anaandikishwa na daktari hajamgusa bado. Mtu alichagua msimbo wowote ili mfumo umruhusu kuendelea, na baada ya picha ya kifua kuonyesha nimonia hakuna aliyekumbuka kurudi kuubadilisha. Kosa hili nimelikuta mara nyingi mno, na kila nikilikuta linaniuma, kwa sababu mgonjwa ndiye anayelipia kosa ambalo hata hakuwa na macho ya kuliona.

Inafaa ujue orodha hiyo ilitoka wapi, maana inasaidia kuelewa kwa nini haielewi habari za watu. Haikuundwa kwa ajili ya malipo. Mtakwimu wa Paris, Jacques Bertillon, aliandaa orodha ya sababu za vifo iliyopitishwa Chicago mwaka 1893, ili nchi ziweze kulinganisha watu wao wanakufa kwa nini. Mwaka 1948 Shirika la Afya Duniani, likiwa bado changa, likaichukua na kuipanua ihesabu pia magonjwa ya watu walio hai. Toleo la 10 lilipitishwa mwaka 1990, na la 11 likaanza kutumika rasmi mwaka 2022. Baadaye watu wa bima wakakuta kuna lugha fupi ambayo mashine zinaielewa, wakaifanya lugha ya malipo. Ni lugha nzuri kwa kuhesabu. Haina mahali pa kuandika kwamba mgonjwa alikuja usiku na midomo imemgeuka rangi.

Dawa ya kosa hili haiko kwenye ofisi ya bima. Usipoteze siku nyingine kwenye foleni yao kwa hilo. Nenda hospitali, kwenye ofisi inayoshughulikia wagonjwa wa bima au idara ya kumbukumbu, ukiwa na nakala ya barua yenye Z00.0. Waonyeshe herufi hizo kwa kidole. Waombe fomu ya madai iliyosahihishwa, ugonjwa mkuu uandikwe kama daktari alivyoutambua, na msimbo ufanane na maneno hayo. Hakikisha muhtasari wa kuruhusiwa hospitali unasema jambo lilelile, kwa sababu fomu ikisema nimonia na muhtasari ukisema "homa", faili litarudi tena. Halafu waombe waandike juu ya fomu kwamba haya ni madai yaliyosahihishwa, pamoja na namba ya madai ya kwanza. Neno hilo usilidharau. Bila hilo, mfumo wa bima utaona mgonjwa yuleyule, tarehe zilezile, kiasi kilekile, na utayarudisha kwa sababu ya nne ambayo hujaisikia bado: "yamewasilishwa mara mbili".

Wakati uko hospitali, chukua kitu kimoja zaidi: maelezo ya maandishi kwamba tarehe fulani kadi ilijaribiwa na haikusoma, na kwamba ndiyo sababu mkalipa wenyewe. Mistari miwili na mhuri inatosha. Madai ya kurejeshewa hutazamwa kwa jicho kali kuliko madai yanayoletwa na hospitali yenyewe, na swali la kwanza la mhakiki ni kwa nini mtu mwenye kadi alilipa fedha taslimu. Kama faili halijibu swali hilo, mhakiki hulijibu mwenyewe, na hatakujibia kwa wema.

Umeniuliza kama wanafanya makusudi. Nitakujibu nilivyoona.

Yule wa dirishani, hapana. Hakuna siku niliyoambiwa niwazungushe watu. Lakini tulipimwa kwa idadi ya mafaili tuliyofunga kwa siku, na faili lililorudishwa kwa mwanachama lilihesabiwa kuwa limefungwa. Fikiria hilo taratibu. Kulipa madai kulihitaji nisome kurasa zote, nilinganishe dawa na ugonjwa, nihakikishe ukomo wa mafao haujafikiwa, kisha mkubwa wangu atie sahihi. Kurudisha kulihitaji nione karatasi moja haipo. Nikilipa kimakosa, wakaguzi wangeniita. Nikirudisha kimakosa, hakuna aliyeniita, isipokuwa mwanachama arudi tena dirishani akiwa na nguvu ya kubishana. Wengi hawakurudi. Hakuna mtu mmoja mwovu katika mpango huo, na bado uchovu wa mgonjwa unageuka kuwa fedha iliyobaki kwenye akaunti ya kampuni. Kwangu mimi, aliyeupanga mfumo huo na anayeuona ukifanya hivyo mwaka hadi mwaka bila kuubadilisha hawezi kusema hana makusudi.

Na ndiyo maana nimeanza kwa kukuambia usiache. Kuna takwimu za Marekani ambazo huwa nazikumbuka kila mtu anaponiambia rufaa haina faida. Mwaka 2021, katika mipango ya bima iliyouzwa kupitia soko la serikali ya shirikisho, takriban 17% ya madai ya huduma zilizotolewa ndani ya mtandao wa bima husika, yaani kwenye hospitali na kwa madaktari wenye mkataba nayo, yalikataliwa. Madai yaliyokatiwa rufaa na wenyewe hayakufika hata 1% ya yale yaliyokataliwa. Lakini katika hizo rufaa chache, kampuni zilishikilia uamuzi wao kwa takriban 59% tu. Zilizobaki ziligeuzwa. Ni nchi moja yenye mfumo wake, sikuambii utapata namba hizohizo. Nakuonyesha tu kwamba kati ya waliokataliwa kuna watu wengi waliokuwa na haki na hawakuiomba.

Kwa nini basi sababu zinabadilika kila mara? Faili la madai hupita mikononi mwa watu wanne au watano, na kila mmoja ana swali lake. Wa kwanza anahesabu karatasi. Wa pili anaangalia kama uanachama ulikuwa hai siku ile na kama huduma imo kwenye mafao. Wa tatu, mara nyingi muuguzi au daktari, anauliza kama matibabu yalilingana na ugonjwa. Kisha kuna anayekagua bei na anayelipa. Kila mmoja husimama kwenye kasoro ya kwanza anayoikuta na kulirudisha faili. Hakuna aliyetumwa kuangalia mbele zaidi. Kwa hiyo kasoro zilizokuwepo tangu siku ya kwanza zinakujia mojamoja, kila moja na safari yake, nauli yake na ruhusa yake ya kazini. Hivyo ndivyo mtu anavyopigwa danadana bila hata mchezaji mmoja kujua kwamba mpira ni mtu.

Njia ya kulikata jambo hilo ni kuwalazimisha waandike kasoro zote kwa pamoja, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo watu wengi wanapopotezea miezi.

Sababu ya tatu uliambiwa kwa simu. Sababu ya simu haina uzito wowote mpaka iandikwe. Aliyekuambia anaweza kuwa amesoma neno moja kwenye skrini akakisia mengine. Usibishane nayo wala usiijibu kwa simu. Waandikie uombe waitaje kwa maandishi, na wataje kifungu cha mkataba wanachokitegemea. Nimeona mara nyingi sababu ya simu ikitoweka kabisa pale mtu anapotakiwa kuitilia sahihi. Barua yako iwe fupi, isiyo na hasira hata kama hasira unayo, na unayo kwa haki. Kitu kama hiki:

"Yah: Madai namba (…), mwanachama namba (…), kulazwa kuanzia tarehe (…) hadi (…). Madai haya yamerudishwa mara mbili kwa maandishi, tarehe (…) na (…), kwa sababu mbili tofauti. Tarehe (…), saa (…), nilielezwa kwa simu sababu ya tatu, kwamba ni ugonjwa uliokuwepo kabla ya kujiunga. Naomba mnipatie kwa maandishi: sababu zote mnazozitegemea kukataa madai haya, kifungu cha mkataba kwa kila sababu, orodha kamili ya nyaraka mnazoziona zimepungua, na tarehe ya mwisho ya mimi kukata rufaa dhidi ya uamuzi huu. Naambatisha nakala za barua zenu mbili."

Basi. Usiongeze habari za baba alivyoteseka. Hizo zina mahali pake, nitakuambia. Ipeleke kwa mkono upate mhuri wa "imepokelewa" kwenye nakala yako, au kwa barua pepe uhifadhi. Wakijibu, umeshapata ramani yote kwa mara moja. Wasipojibu ndani ya muda unaofaa, ukimya wao nao ni karatasi utakayoitumia baadaye.

Sasa hoja inayotaka uangalifu: presha.

Kampuni za bima zinahofia mtu anayejiunga siku anapojua anaumwa. Hofu hiyo ina msingi. Mwanauchumi Kenneth Arrow aliandika mwaka 1963 jinsi kutojua kunavyotofautisha soko la matibabu na masoko mengine, na George Akerlof mwaka 1970 akaonyesha kinachotokea upande mmoja ukijua mengi kuliko mwingine: wenye hatari kubwa wanakimbilia kujiunga, bei inapanda, wenye afya wanajitoa, bei inapanda tena. Kwa hiyo mikataba mingi ina kipindi cha kusubiri, au inaweka kando magonjwa yaliyokuwepo kabla. Sipingi kuwepo kwa kifungu hicho. Ninachopinga ni kukitumia kama wavu wa kuvulia kila kitu.

Baba alilazwa kwa nimonia, maambukizi ya mapafu yanayoanza na kuisha. Presha ipo kwenye faili lake kwa sababu daktari yeyote makini huandika historia ya mgonjwa, na angekosea kama asingeiandika. Mhakiki akisoma haraka anaona "ana presha kwa muda mrefu", anaona kulazwa, anaunganisha viwili hivyo. Kinachotenganisha ni barua ya daktari aliyemtibu, nayo itaje mambo matatu waziwazi: ugonjwa uliomfanya alazwe, jinsi ulivyothibitishwa (picha, vipimo, kiwango cha oksijeni), na kwamba kulazwa kulitokana na ugonjwa huo na si presha. Kama alipewa dawa za presha akiwa wodini, na huenda alipewa kwa kuwa haziachwi, zitaonekana kwenye mchanganuo wa gharama. Hizo ndizo wanazoweza kukatalia kwa hoja yao, na kiasi chake huwa kidogo. Waambie wazi: kama mnapinga mistari hiyo, pingeni mistari hiyo, mengine yalipeni. Watu wengi hawajui kwamba madai yanaweza kulipwa sehemu, na kwamba kukubali sehemu hakukuzuii kukata rufaa kwa iliyobaki, mradi usitie sahihi kwenye karatasi inayosema umepokea malipo "kamili na ya mwisho". Soma kabla ya sahihi.

Kabla ya yote hayo, lakini, tafuta fomu ambayo baba alijaza siku ya kujiunga. Kama hamna nakala, iombeni. Ni haki yake kuiona. Tafuta lile swali la "je, una ugonjwa wowote wa kudumu" uone kilichoandikwa. Nakueleza hili kwa upole ila sitalipunguza. Kama presha ilitajwa, uko mahali pazuri: kampuni ilijua, ikampokea, ikachukua michango yake. Kama haikutajwa ilhali baba alikuwa anajua, wataikamata, na heri uijue wewe kwanza. Mara nyingi fomu zile hujazwa na wakala, mzee anatia sahihi tu chini. Kama ndivyo ilivyokuwa, andikeni hivyo hivyo. Kanuni ya bima tangu jaji Mansfield alipoamua kesi ya Carter na Boehm, London, mwaka 1766, ni kwamba pande zote mbili zinadaiwa uaminifu wa hali ya juu. Wengi hukumbuka nusu yake tu, ile inayombana mteja. Mansfield alisema pia kuwa mtoa bima naye amefungwa na uaminifu huo, na kwamba hawezi kulalamikia asichoambiwa kama alikijua tayari au alipaswa kukijua.

Na tafadhali, usimwombe daktari afute presha kwenye faili, hata mtu wa dirishani akikudokezea kwamba ndiyo njia ya mkato. Ushauri huo nimeusikia ukitolewa kwa nia njema kabisa. Faili likibadilishwa linageuka kutoka madai halali kuwa udanganyifu, na baba anaweza kupoteza bima yote. Mwombe daktari aeleze. Kueleza kunatosha.

Ukishapata barua yao yenye sababu zote, ndipo unaandika rufaa. Hapa Kiswahili chetu kina mtego mdogo. "Barua ya rufaa" kwa watu wa hospitali na bima ni ile ya kumhamisha mgonjwa kwenda hospitali kubwa. Ukifika dirishani useme "nimeleta rufaa", unaweza kuelekezwa kwenye foleni nyingine kabisa, au barua yako ikawekwa kwenye faili la matibabu ikalala huko. Kwenye kichwa andika kwa ukamilifu: "Rufaa dhidi ya uamuzi wa kukataa madai namba (…)". Ndani yake jibu sababu moja baada ya nyingine, kwa mpangilio walioutumia wao, na kila jibu lielekeze kwenye kiambatisho chenye namba. Msomaji wako ni mtu aliyechoka kama nilivyokuwa mimi. Mpe faili ambalo ni rahisi kulilipa kuliko kulirudisha. Mwishoni, aya moja ya maneno yako: baba alifika katika hali gani, mlilipa mkitoa wapi, na imewagharimu nini. Aya hiyo haishindi hoja, ila inamkumbusha msomaji kuwa kuna mtu.

Mkishindana juu ya maana ya kifungu, kumbuka kanuni inayotumika katika mifumo mingi ya sheria: maneno ya mkataba yenye utata hufasiriwa dhidi ya aliyeyaandika. Mkataba waliuandika wao. Kama kifungu kinaweza kusomeka kwa njia mbili, na moja inamlinda baba, isimamie hiyo na uitaje.

Muda ni jambo la kuangalia leo hii, kabla hujalala. Kila mkataba una siku za mwisho: za kuwasilisha madai, kisha za kukata rufaa. Zinatofautiana sana. Kwa mfano, kwa sheria ya Marekani ya mwaka 2010, mwanachama ana siku 180 tangu apate taarifa ya kukataliwa kukata rufaa ndani ya kampuni, na akishindwa huko anaweza kuomba mapitio ya nje yasiyo chini ya kampuni hiyo. Kwenye mkataba wa baba inaweza kuwa siku 30 au 60 au zaidi. Umeshatumia miezi minne. Kama tarehe inakaribia, peleka rufaa fupi sasa hivi, useme kwamba viambatisho vya hospitali vinafuata. Rufaa pungufu iliyowahi inaweza kukamilishwa. Iliyokamilika ikachelewa haiokolewi kirahisi.

Wakikataa na rufaa, kuna mahali juu yao. Nchi nyingi zina mamlaka inayosimamia kampuni za bima, na baadhi zina msuluhishi wa migogoro ya bima ambaye mwananchi humfikia bila wakili na mara nyingi bila malipo. Huko watakuuliza jambo la kwanza: umemaliza njia za ndani ya kampuni? Ndiyo maana mihuri ya "imepokelewa" ina thamani. Na kama bima ya baba ilipitia kwa mwajiri au chama, mtaarifu ofisa anayeisimamia tangu sasa. Kampuni humsikiliza anayewaletea wanachama mia tofauti na inavyomsikiliza mtu mmoja.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na sijaona mahali maneno hayo yanapokuwa kweli kama kwenye bima. Nunua daftari moja la jambo hili tu. Kila simu: tarehe, saa, jina la aliyepokea, alichosema, alichoahidi. Nakala halisi zisitoke mkononi mwako. Wakizitaka kwa lazima, zipige picha kwanza na uchukue sahihi ya aliyezipokea. Nilishuhudia risiti halisi za mgonjwa zikipotea ndani ya jengo letu, na mwanachama akaambiwa hakuwahi kuzileta. Hakuwa na nakala hata moja. Alikuwa anasema kweli, nasi tulijua anasema kweli, na hakuna aliyeweza kumlipa.

Kuhusu baba anayesema uache: utamhitaji. Kampuni nyingi hazitazungumza na mtu asiye mwanachama hata akiwa binti yake wa kwanza, na kama uliongea nao kwa simu bila idhini yake, wanaweza kusema mazungumzo hayo hayakuwepo. Mwandikieni barua fupi ya kukuidhinisha umwakilishe kwenye madai haya, aitie sahihi, na nakala ya kitambulisho chake iambatane. Rufaa nayo itiwe sahihi na yeye. Usimwambie ni kwa ajili ya hela tu, kama hela ndiyo imemchosha. Mwambie kadi yake ilikataa kusoma mara moja na hakuna aliyeeleza kwa nini. Inaweza kuwa mchango haukuingizwa, au namba yake ina kosa, au uanachama ulikatizwa kwenye mfumo bila taarifa. Ulizeni hilo kwa maandishi katika barua hiyohiyo ya kwanza, na kadi ijaribiwe tena kabla ya tarehe yake ijayo ya kliniki ya presha, ili akifika pale asiambiwe tena alipe mwenyewe.